Wazo changa lipewe nafasi

Umeuliza kama ni busara kutoa fedha za utafiti wa kompyuta kwa wazo ambalo bado halina ushahidi wa kutosha. Naamini ni busara, tena ni lazima. Mwezi Machi 1989, mtaalamu wa kompyuta Tim Berners-Lee aliwasilisha CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilicho karibu na Geneva, pendekezo la mfumo wa kuunganisha taarifa, ambao ndio uliokuja kuwa wavuti (World Wide Web), na mkuu wake, Mike Sendall, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza kwamba halikuwa wazi sana lakini lilisisimua. Hakulitupa, alimwachia nafasi ya kuendelea, na mwaka 1990 ikapatikana kompyuta ya kampuni ya NeXT, ambayo ndiyo iliyokuja kuwa seva ya kwanza ya wavuti, yaani kompyuta inayohifadhi na kutuma kurasa zake. Kilichohitajika kilikuwa muda, mashine na msimamizi aliyekubali kwamba si kila kitu kingeeleweka mapema.

Mitandao ya nyuroni, yaani programu za kompyuta zinazojifunza kutokana na mifano kwa kuiga kidogo seli za ubongo, nayo ilipuuzwa na wengi kwa miaka mingi kabla ya mafanikio ya mwaka 2012 katika kutambua picha. Kwa hiyo ningependa kila mfuko wa utafiti utenge fungu la fedha kwa maandiko mafupi ya mawazo mapya, yasiyodaiwa matokeo ya awali, na mtafiti kijana asiadhibiwe kwa jaribio lililoshindwa, mradi ameeleza bayana lilikwama wapi na kwa nini.