Ukitaka darasa la kwanza lipungue, dai mwalimu kabla hujadai chumba

Juzi nimepata meseji ya dada mmoja, anafundisha darasa la kwanza kama mimi, ananiuliza "mwalimu mmefanyaje mpaka darasa lenu likagawanywa, maana sisi kila tukiomba tunaambiwa bajeti hakuna?" Nikamjibu kwa kifupi, akauliza tena, nikamjibu, akaja na mengine, nikaona bora niandike hapa maana najua hayuko peke yake. Na nisiwe mnafiki, hamu ya kuisimulia hii habari ninayo, kwa sababu wakati naianza nilichekwa, na leo nina watoto 20 na kitu ambao hata nikiwa nimegeukia ubao nikisikia kikohozi najua ni cha nani.

Nyie mnaonisoma najua mko madarasa ya chini au mna watoto huko, kwa hiyo siwaelezi darasa la watoto 80 linakuwaje. Pigeni hesabu tu. Kipindi dakika 40, watoto 80, hata kama huandiki ubaoni, huamui ugomvi wa penseli, hupeleki mtu msalani, kila mtoto anapata nusu dakika yako. Kwa nusu dakika mtoto wa miaka sita hajamaliza hata kutafuta ukurasa!

Kilichoniamsha mimi ni mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa anakaa safu ya nyuma dirishani, mchangamfu kweli, tukisoma kwa pamoja sauti yake ndo inaongoza wenzake. Siku moja nimepita nyuma wanasoma, nakuta kitabu kakishika juu chini. Na anasoma! Neno kwa neno, hakosei, hata pale kwenye nukta anavuta pumzi. Nikamgeuzia kitabu, nikafunika mstari kwa kiganja nikamwachia neno moja tu, nikamwambia nisomee hili. Akaniangalia mimi, akaangalia picha ya juu ya ukurasa, akasema "mpira". Neno lilikuwa "baba". Hadithi nzima alikuwa nayo kichwani kwa kuwasikia wenzake, herufi hata moja hajui. Nikaanza kuwaita mmoja mmoja wakati wa mapumziko na mchezo ule ule wa kiganja, nikakuta wako wengi tu, wanaimba kitabu, hawasomi. Na mtu asije akaniambia ni uzembe, madaftari yangu yalikuwa yanasahihishwa yote, nilikuwa nabeba mafungu mawili nyumbani kila jioni. Ila daftari halikuambii mtoto kanakili kwa jirani.

Nikaenda ofisini kwa wanaoshika mafungu ya pesa za shule. Kuna bwana mmoja, simtaji hata mkinipa nini, akanisikiliza nusu, akawageukia wenzake akasema "mwalimu mzuri hata watoto mia anafundisha". Wakacheka. Mimi nikacheka nao kwa aibu, nimefika nje ndo machozi yakaanza. Imeshapita muda lakini hiyo sentensi bado inanichoma, na nikiri kwamba siku darasa lilipogawanywa mtu wa kwanza niliyemkumbuka ni yeye.

Basi hasira zikanifanya nikaanza kusoma, maana niliona nikirudi pale na machozi watanicheka tena, bora nirudi na hoja. Na nilichokikuta nataka na nyie mkijue maana ndo silaha yenyewe.

Kule Marekani, jimbo la Tennessee, mwaka 1985 serikali ya jimbo iliamua kulijaribu hili jambo kisawasawa badala ya kubishana. Shule 79, watoto zaidi ya 11,000 kwa miaka minne, kuanzia chekechea mpaka darasa la tatu, na watoto na walimu wakapangwa kwa kura. Kundi la kwanza darasa la watoto 13 mpaka 17. La pili 22 mpaka 25. La tatu ni 22 mpaka 25 hao hao ila mwalimu kaongezewa msaidizi. Madarasa madogo yakashinda, kwenye kusoma na kwenye hesabu, na waliofaidi zaidi ni watoto wa familia maskini na watoto weusi. Sasa sikieni hii ya msaidizi: darasa kubwa lenye msaidizi halikuonyesha tofauti ya maana na darasa kubwa lisilo na msaidizi. Wekeni hiyo akilini, narudi kwake.

Uingereza wakatunga sheria mwaka 1998 kwamba watoto wa miaka mitano mpaka saba wasizidi 30 kwa mwalimu mmoja. Ufaransa mwaka 2017 wakaanza kuyagawa madarasa ya kwanza kwenye maeneo yenye hali ngumu zaidi, wakilenga watoto kama 12 kwa darasa, na mwaka uliofuata wakaendelea kupanua. Mnaona wanaanzia wapi? Chini kabisa, na kwa wenye shida kwanza. Kuyagawa madarasa yote kwa mpigo mmoja hakuna hazina inayoweza, maana ukiligawa darasa kwa nusu mshahara unakuwa miwili, na mwakani miwili tena, na mwaka wa mbele vile vile. Ndo maana mtu akiwaambia "tupunguzieni madarasa yote ya shule" ofisi inakunja karatasi palepale. Omba darasa la kwanza na la pili, basi.

Halafu kuna California, hii ndo iliyonifumbua macho. Mwaka 1996 walitangaza kwamba chekechea mpaka darasa la tatu darasa lisizidi watoto 20, wakamwaga pesa, zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka. Kitu kizuri kabisa. Ila waliharakisha, walimu wenye sifa hawakutosha, wazoefu wakakimbilia nafasi mpya kwenye shule za wenye uwezo, na shule za watoto maskini zikabaki zinaajiri yeyote anayepatikana. Vyumba navyo havikutosha wakawa wanasomesha kwenye maktaba na kumbi. Sasa mimi nikajiuliza, kama wenye mabilioni walikwama kwenye walimu, sisi tunaomba vyumba vya nini kwanza?

Hapo ndo nilipobadilisha ombi letu. Maana sisi miaka yote tulikuwa tunaomba chumba. Na chumba mkiomba vizuri mnapewa, chumba kinapendwa, chumba kinafunguliwa kwa utepe na picha na hotuba. Mshahara wa mwalimu nani anaukatia utepe? Lakini chumba bila mwalimu ni stoo. Sisi tulikuwa nacho hicho chumba, kimejaa madawati yaliyovunjika miguu na maboksi ya karatasi za mitihani ya zamani, na hakuna aliyekuwa anaona ni darasa kwa sababu hakuna wa kusimama mbele yake. Kwa hiyo dai mwalimu. Ukipata mwalimu, chumba utakitafuta, mtaingia kwa zamu asubuhi na mchana, mtahamisha stoo, mtafanya lolote. Ukipata chumba bila mwalimu umepata kivuli.

Barua na vikao naviruka, havina utamu. Niseme tu kwamba tulipowaacha wazazi waongoze, mambo yakabadilika sura. Mwalimu akilalamika darasa kubwa anaambiwa hataki kazi, mzazi akilalamika hakuna wa kumwambia hivyo. Tukawaita wazazi waje kukaa nyuma ya darasa kipindi kimoja tu, tukiendelea kama kawaida bila kuigiza. Mama mmoja alikuwa anamtazama mwanawe kanyoosha kidole mwanzo hadi mwisho wa kipindi, mkono unachoka anaushikilia na mkono wa pili, na sikumfikia. Yule mama hakuniambia neno. Ila kikao cha bajeti alikuwa wa kwanza kufika.

Na tulipeleka karatasi moja, ukurasa mmoja. Idadi ya watoto wa darasa la kwanza, idadi ya walimu, wangapi tumewapima kwa kiganja wakashindwa, na tunaomba nini: nafasi moja ya mwalimu mwenye sifa, darasa la kwanza, iwe kwenye bajeti ya mishahara. Mstari wa mwisho huo msiuache. Kuna pesa za kuja mara moja na kuna pesa za kurudi kila mwaka, na mwalimu analipwa kwa za kurudi kila mwaka. Mkipewa mwalimu wa mchango au wa mradi, siku mradi ukiisha watoto wanarudi 80 na mlishaonekana mmesaidiwa, kwenye foleni mnawekwa mwisho.

Sasa yule msaidizi. Walipoona hatuondoki wakaja na ofa, tena kwa upole, "tutawaongezea msaidizi wa darasa, kijana wa kuwagawia madaftari". Wenzangu wengine walishapiga makofi. Mimi nikasimama nikawasomea ile ya Tennessee, kwamba walishajaribu msaidizi kwa miaka minne na darasa likabaki lile lile. Kulikuwa kimya pale ndani. Jamani acheni nijisifu kidogo, yule bwana wa "mwalimu mzuri" alikuwepo, akaandika kitu kwenye daftari lake hakuinua kichwa. Simkatai msaidizi, mikono ya ziada darasani ni baraka, namkataa akiletwa badala ya mwalimu.

Tukapata. Stoo ikamwagwa, mwenzangu akaja, na kwa sababu mwaka huo walioandikishwa walikuwa wachache kidogo na darasa la pili nalo likapata mwalimu wake wakapanga upya, nikajikuta na hao 20 na kitu. Jambo la kwanza nililofanya niliwasikiliza wote wakisoma, mmoja mmoja, siku hiyo hiyo, na kipindi hakijaisha. Mara ya kwanza tangu nianze kazi.

Nije kwenye linalouma, maana nyie walimu mtanifurahia mpaka hapa halafu mtanikimbia. Kenya magharibi watafiti walizipa kamati za shule pesa za kuajiri mwalimu wa ziada kwa mkataba, madarasa yakashuka kutoka wastani wa watoto 82 mpaka 44. Mnajua walichokuta? Watoto waliobaki na walimu wa kudumu alama zao hazikupanda kiasi cha maana. Waliopanda ni wale wa mwalimu wa mkataba, aliyekuwa anahudhuria, wakati wale wa kudumu walipoona mzigo umepungua wakalegeza. Na karibu theluthi ya nafasi zile zilikwenda kwa ndugu za walimu waliokuwepo! Nilivyosoma hiyo nilifunga simu. Nilikasirika kama nimetukanwa mimi. Halafu nikaisoma tena, maana na mimi ofisi ya walimu naijua, chai ya saa nne inavyorefuka naijua.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu nakwambia kwa upendo, ukipewa watoto wachache ukaendelea kufundisha kwa kuimbisha, basi yule bwana alikuwa sahihi na mimi sitaki awe sahihi. Watoto wakipungua na ufundishaji ubadilike. Msikilize kila mtoto. Kaa naye chini. Usitoke darasani. Herufi b na d akizigeuza uone leo leo, usisubiri mtihani ndo ukwambie. Na wazazi msilale baada ya kupata, utafiti ule ule unasema kamati zenye wazazi waliopewa nguvu ndizo zilizopunguza utegaji na undugu, kwa hiyo endeleeni kuja kukaa nyuma ya darasa hata kama mwalimu ananuna. Mimi nanuna pia, njooni tu.

Kwa dada aliyeniandikia, najua ulitaka njia ya mkato, sina. Nasema tena, mwalimu kwanza, darasa la kwanza kwanza, na wazazi mbele. Wakikwambia pesa hakuna uliza swali moja, "bajeti ya mwakani inafungwa lini?", maana wengi wetu tunapeleka maombi mafungu yakishagawanywa halafu tunadhani tumechukiwa. Ukijua tarehe, peleka karatasi yenu mapema kabla yake, peleka nakala mbili, wakupigie mhuri wa kupokea kwenye nakala yako ukae nayo. Wakisema hawajawahi kuiona, unaitoa kwenye mkoba.