Kwa Mwanangu, Kuhusu Mwisho wa Maurice

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi tu wazima, isipokuwa goti la mama yako, ambalo siku hizi linajua habari za mvua kabla ya redio.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema wewe na wenzako mmeitazama Maurice, ile filamu ya mwaka 1987 aliyoiongoza James Ivory, na mwisho wake umekukera. Uingereza ya miaka ya Mfalme Edward, mwanzoni mwa karne ya 20, wanaume wawili, mmoja, Maurice, dalali wa hisa jijini London, na mwenzake, Alec, mlinzi wa ndege na wanyama wa kuwindwa kwenye shamba la bwanyenye, wanakutana usiku katika banda la mashua na kukata shauri la kuishi pamoja, na huku sheria ingeweza kuwatupa jela wote wawili. Umeniuliza: "Baba, huo si uongo wa sinema tu?" Hukuniambia kwa nini jambo hili limekukaa hivyo, nami sikuulizi. Nitakujibu ninavyojua. Na unajua tena, mtu aliyezeekea kwenye masjala ya mahakama haanzi na mapenzi, huanza na sheria.

Mwaka 1885 Bunge la Uingereza lilikuwa linajadili mswada wa kuwalinda wasichana, wa kupandisha umri wa kuridhia ngono kutoka miaka 13 hadi 16. Usiku, wabunge wachache wakiwamo ukumbini, mbunge mmoja, Henry Labouchere, akapachika kifungu ambacho hakikuwa na uhusiano wowote na wasichana. Kifungu hicho kilisema mwanamume yeyote atakayefanya "matendo machafu" na mwanamume mwenzake, iwe hadharani au faraghani, atafungwa hadi miaka miwili, pamoja na kazi ngumu au bila hiyo. Matendo hayo ni yapi, hakikusema. Mtu aliyekaa na majalada anajua ubaya wa kifungu kisichofafanua kosa: kila polisi huwa na tafsiri yake. Miaka kumi baadaye kikamnasa mwandishi Oscar Wilde, akatumikia miaka miwili yote. Kifungu cha 165 cha Kanuni yetu ya Adhabu hapa Kenya ni mjukuu wa maneno yale yale, ila miaka imekuwa mitano, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019.

Sasa rudi kwenye filamu. Yule Lord Risley, mtanashati wa Cambridge mwenye maneno mengi, anakamatwa kwa kumtongoza askari jeshi na kuhukumiwa miezi sita na kazi ngumu. Ukikisoma kitabu cha E. M. Forster, ambacho filamu imetokana nacho, hutaikuta kesi hiyo, kwani ni watengenezaji filamu walioiongeza. Katika kitabu, Clive, mpenzi wa kwanza wa Maurice tangu Cambridge, anakwenda Ugiriki, anarudi hamtaki tena, na sababu yenyewe haijulikani vizuri. Mimi naona hapa filamu imemshinda mwandishi. Hofu ya Clive imepata anwani. Ana shamba la kurithi, ana siasa mbele yake, ana mama anayengoja mkwe, kisha anamwona rafiki yake wa chuo kizimbani. Anachagua mke na masharubu. (Mama yako hamsamehi hata kidogo. Mimi namsamehe nusu.)

Lakini swali lako halikuwa juu ya Clive. Tazama tena pale Makumbusho ya Uingereza. Alec amemwandikia Maurice barua yenye harufu ya vitisho, na Maurice ana kila sababu ya kuogopa, maana kifungu kile kiliwapa riziki watu wa kuwatisha wenzao ili walipwe wanyamaze. Wanazunguka katikati ya masanamu makubwa ya Waashuri, mmoja akitisha, mwingine akijibu, na hakuna anayejua kama yuko na mpenzi au na adui. Hapo hapo anatokea mwalimu wa zamani wa Maurice, yule aliyemchorea mchangani ufukweni mambo ya mume na mke alipokuwa mtoto. Anaisaka sura hiyo kichwani, jina halimjii. Maurice anamjibu kwamba yeye anaitwa Scudder.

Scudder ni jina la Alec. Bwana mwenye ofisi mjini, mbele ya mtu wa tabaka lake, anajivika jina la mtumishi, tena mtumishi ambaye dakika ile ile anamtishia. Kwangu mimi filamu inaisha hapo. Banda la mashua ni utekelezaji tu.

Je, yangeweza kutekelezeka? Yalitekelezeka, mwanangu. Mwaka 1913 Forster alikwenda kijiji cha Millthorpe, karibu na Sheffield, kumtembelea Edward Carpenter, msomi wa Cambridge aliyeacha uchungaji akahamia shamba, akilima mboga na kushona makubadhi ya ngozi. Carpenter alikuwa akiishi na George Merrill, kijana aliyekulia katika mitaa ya maskini ya Sheffield, nao walikuwa wamekaa nyumba moja tangu 1898. Siku hiyo Merrill alimgusa Forster mgongoni, chini kabisa, juu kidogo ya makalio. Uniwie radhi, ndivyo alivyoeleza mwenyewe. Akasema mguso ule ulimpanda hadi kwenye fikra. Akarudi Harrogate, ambako mama yake alikuwa anajitibu, akaanza kukiandika kitabu papo hapo, mama yuko nyumba hiyo hiyo.

Kwa hiyo mwandishi hakuuota mwisho wake. Alikula kwenye meza ya watu walioishi hivyo. Carpenter na Merrill walikaa pamoja hadi Merrill alipofariki mwaka 1928, Carpenter akamfuata 1929, na wamezikwa kaburi moja huko Guildford.

Utauliza, mbona hawakukamatwa? Hapa ndipo ninapotaka utulie kidogo. Carpenter alikuwa na urithi wa baba yake na lafudhi ya mtu mkubwa. Merrill alipika, alifagia, alipokea wageni. Mpita njia aliona bwana msomi na mtu wake wa kazi, jambo lililokuwa la kawaida katika nyumba nyingi za Uingereza wakati ule. Utabaka ule ule unaomfanya mama yake Maurice asiweze hata kumfikiria Alec ndio uliowafunika wawili wale. Wanaume wawili wenye vyeo sawa wangeulizwa maswali. Bwana na mtumishi hawakuulizwa, almradi mtumishi aendelee kuonekana mtumishi. Gharama yake alilipa nani, unaijua.

Nikikosoa mwisho ule, basi nitakosoa kile kilichokuja baada yake. Kitabu kilimalizika 1914 na vita vikaanza mwaka huo huo. Kufikia 1916 serikali ilikuwa inawaandikisha wanaume jeshini kwa lazima, na vijana wawili wenye nguvu wasio na wake wasingejificha vichakani muda mrefu. Forster alijaribu kuandika sura ya ziada iliyowaonyesha wakiwa wakata miti miaka kadhaa mbele, akaitupa. Alifanya vyema kuitupa. Lakini hakukubali kubadilisha furaha ya mwisho. Alisema kijana angening'inia kwenye kamba, au wote wawili wangejiua, kitabu kisingewasumbua watu. Kilichokuwa kosa ni wao kuachwa hai na wameridhika. Ndiyo maana alikitabaruku kwa mwaka wenye heri zaidi, akawapa rafiki zake wakisome kwa siri, na kwa wasomaji wengine kikatoka 1971, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Sheria ya England na Wales ilikuwa imelegezwa mwaka 1967, kwa waliofikisha miaka 21, faraghani. Bado hakukichapisha.

Na yeye mwenyewe? Alimpenda kondakta wa tramu wa Alexandria wakati wa vita, Mohammed el-Adl. Baadaye akampenda Bob Buckingham, polisi wa London, ambaye hakukawia kuoa. Polisi, mwanangu! Urafiki huo ulidumu miaka arobaini, mke naye akamzoea, na Forster alifia nyumbani kwao, Coventry.

Tena filamu yenyewe imetengenezwa na nani? Ivory na mtayarishaji wake, Ismail Merchant, Mwislamu wa Bombay, walikuwa wenzi kazini na nyumbani kuanzia miaka ya 1960 hadi Merchant alipofariki 2005. Wakati Maurice inapata tuzo ya Simba wa Fedha kule Venice, wao walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka ishirini bila kulitangaza. Watu hao hawangemaliza hadithi ile kwa kaburi.

Nakala yangu ya kitabu nitaitia kwenye mzigo wa basi Ijumaa, pamoja na zile achari. Jalada limechanika, usihangaike kuligundisha. Mama yako ameandika maoni yake pembeni kwa penseli, hasa kurasa za Clive. Ukiona hukubaliani naye mwandikie, usimpigie, maana vocha itakwisha naye hajafika Ugiriki.

Ni mimi,
Baba yako