Kura 23 na kitufe kisichokuja

SWALI: Mimi ni mhasibu. Mwaka juzi nilituma pendekezo kwa watengenezaji wa programu yetu ya uhasibu, kwenye ukurasa wao ambako watumiaji huyapigia kura mapendekezo, nikaandika: "Wekeni kitufe cha kufuta ankara nyingi kwa mpigo." Faili la mauzo likiingizwa mara mbili kwa bahati mbaya, ankara zote zinajirudia na inabidi nihangaike nazo moja moja. Niliwabembeleza wenzangu wote ofisini wapige kura, tukafika 23. Hadi leo hali yake inasomeka "linachunguzwa". Wakati huohuo pendekezo la kuifanya skrini iwe nyeusi, ambalo halimsaidii mtu kufunga hesabu za mwezi, limepata maelfu ya kura na limeshatekelezwa. Je, kura hizi zinahesabiwa kweli au tunabofya bure? Nilifute pendekezo langu nianze upya?

JIBU: Zinahesabiwa, ila si kwa namna unayodhani. Na pendekezo lako, kama ulivyoliandika, lina kasoro ambayo hata kura 2,300 zisingeiondoa. Nimekaa miaka kadhaa upande wa pili wa dirisha hilo, nikiwa mmoja wa wanaoamua kipi kitengenezwe na kipi kisubiri, kwa hiyo nitakueleza tulivyokuwa tukisoma.

Tuanze na hizo 23. Tulipofungua pendekezo, hatukuishia kwenye namba ya kura. Tulifungua orodha ya waliopiga. Anwani za barua pepe za wenzako wote zinaishia na jina la kampuni moja. Kwako ni watu 23 wenye shida. Kwa msomaji wa upande wa pili ni mteja mmoja aliyesema jambo moja mara 23. Kampuni nyingi zinazouza programu za biashara huhesabu wateja, si vidole, kwa sababu mkataba unasainiwa na mteja. Kura tisa kutoka ofisi tisa zisizofahamiana zingekuwa na uzito kuliko zako, na kama mbili kati ya hizo zingeambatana na maelezo mafupi ya shida ileile kwa maneno tofauti, pendekezo lingekuwa limeshapata mtu wa kulifuatilia.

Sasa ile skrini nyeusi inayokukera. Mtu yeyote anaielewa kwa sekunde tatu, awe mhasibu, mwuzaji au mtunza stoo. Kila mtu ana macho. Kuipigia kura hakumgharimu mtu kitu, na kuitengeneza hakugusi leja, yaani kitabu kikuu cha hesabu, wala kodi. Isitoshe, mapendekezo mara nyingi hupangwa kwa wingi wa kura, kwa hiyo lililoko juu linaonekana na kila anayeingia, naye analiongezea. Mwenye nacho huongezewa. Pendekezo lako lililoko ukurasa wa sita linasubiri mtu ambaye ameamua kulitafuta.

Huu ni udhaifu wa kura yoyote ya bure: inaonyesha ni wangapi wanapenda kitu, haionyeshi wanakihitaji kiasi gani. Wapo waliojaribu kuutibu. Mwaka 2019 wabunge wa chama cha Democratic katika baraza la wawakilishi la jimbo la Colorado, Marekani, walipotaka kupanga miswada ipi ipewe fedha kwanza, kila mmoja alipewa tokeni 100. Kura ya kwanza kwa mswada mmoja iligharimu tokeni 1, lakini ukitaka kuupa mswada huohuo kura mbili ulilipa 4, tatu 9, na kuendelea hivyo. Ukiwa na jambo moja linalokuuma sana unaweza kulisema, ila utalilipia. Ningependa kuona utaratibu huo kwenye programu nyingi zaidi za biashara. Kwa sasa, kwa sehemu kubwa, mnabofya alama ya kidole gumba, na kazi ya kueleza uzito wa jambo inabaki kwenye maandishi. Ndiyo maana maandishi yako ni muhimu kuliko kura zako.

Na hapo ndipo penye kasoro. Umeomba kitufe cha kufuta. Jiweke kwenye nafasi ya anayesoma: programu ya uhasibu ambayo mtu anaweza kuchagua ankara 140 zilizokwisha kuingia kwenye leja na kuzifuta kwa kubofya mara moja ni programu ambayo mkaguzi wa hesabu hataiamini. Ankara iliyokwisha kuingia haifutwi, inabatilishwa kwa ingizo la kinyume ili njia ya kilichotokea ibaki ikionekana. Kwa hiyo msomaji wa kwanza wa pendekezo lako alisoma kichwa, akafikiria ukaguzi, akafikiria mfanyakazi mwenye nia mbaya siku yake ya mwisho kazini, akaliweka pembeni. Hakuwa na sababu ya kulikataa wazi. Hakuwa pia na sababu ya kulibeba mpaka kwenye kikao.

Sentensi yenye thamani umeniandikia mimi, wao hukuwaandikia: faili la mauzo likiingizwa mara mbili, ankara zote zinajirudia. Hiyo ndiyo shida yako. Kitufe ni dawa uliyojiandikia mwenyewe kabla ya kumweleza daktari unaumwa wapi. Watengenezaji wanaijua programu yao kwa ndani na huenda wana dawa ya bei nafuu zaidi, kwa mfano kulizuia faili lisiingie mara ya pili. Ukiomba kitufe watajadili kitufe tu.

Mimi ningeliandika hivi. Namba ni za mfano, weka zako za kweli.

Kichwa: Faili la mauzo likiingizwa mara mbili, programu haitoi onyo na ankara zinajirudia.

Maelezo: "Tunaingiza faili la mauzo kila siku jioni, na watu wawili wana ruhusa ya kufanya hivyo. Mwezi uliopita faili moja liliingizwa mara mbili. Ankara 140 zilijirudia zikiwa na namba mpya, ingawa namba za marejeo kutoka mfumo wa mauzo zilikuwa zilezile. Kubatilisha ankara moja kunachukua kama dakika moja na nusu, kwa hiyo kazi nzima ilituchukua saa tatu na nusu. Ripoti ya mauzo ilikuwa imeshafika kwa meneja ikiwa na kiasi kilichozidi. Hii ni mara ya tatu mwaka huu. Kwa sasa tunaandika kwenye daftari nani ameingiza faili gani na saa ngapi. Ingetutosha kama programu ingetambua namba ya marejeo iliyokwisha kuingia na kutuuliza kabla ya kuendelea."

Angalia kilichomo. Kuna tukio moja lililotokea kweli, kuna mara ngapi, kuna muda uliopotea, kuna mtu mwingine aliyeathirika, yaani meneja mwenye ripoti mbaya mkononi. Hakuna lawama, hakuna "haiwezekani programu ya gharama hii ikose kitu kidogo kama hiki". Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi mno, na haijawahi kunisaidia kutetea jambo mbele ya wenzangu. Saa tatu na nusu zinanisaidia. Nazinakili kama zilivyo naziweka kwenye kikao.

Neno ninalolipenda kuliko yote hapo ni "ingetutosha". Linamwambia mtengenezaji kwamba huhitaji mfumo mzima ujengwe upya, kwamba onyo moja dogo litamaliza kilio chako. Mapendekezo mengi hufa kwa sababu yanaonekana makubwa kuliko yalivyo.

Usiiruke pia ile sentensi ya daftari. Njia ya mkato mnayotumia sasa inaonyesha mmeumia kiasi gani. Nikupe mfano unaojulikana. Excel ina tabia ya kubadilisha maandishi yanayofanana na tarehe yawe tarehe, na ya kuondoa sifuri zinazoanza namba. Bila shaka umeshapoteza sifuri za namba za simu kwa njia hiyo. Watafiti wa vinasaba waliumia zaidi, maana walikuwa na jeni zenye majina kama MARCH1 na SEPT1, na Excel ilizigeuza kuwa tarehe za Machi na Septemba. Mwaka 2016 watafiti walichapisha hesabu: takribani makala moja kati ya tano zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel zilikuwa na makosa ya aina hiyo. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu iliamua kubadilisha majina yenyewe, MARCH1 ikawa MARCHF1 na SEPT1 ikawa SEPTIN1. Mpangilio wa kuzima ubadilishaji huo ulikuja kwenye Excel mwaka 2023. Fikiria: taaluma nzima ilibadilisha majina ya vitu vyake ili viingie salama kwenye jedwali. Aliyeeleza tatizo hilo kwa kuandika tu "zimeni tarehe" angekuwa ameacha nyumbani ushahidi wake wote. Daftari lenu ni dogo kuliko hilo, lakini nalo ni ushahidi.

Kabla ya kutuma, tafuta kama mwenzako ameshasema. Usitafute kwa maneno yako peke yake. Wewe unasema "ankara zinajirudia", mwingine ameandika "mauzo mara mbili", wa tatu "faili limeingia tena". Ukilikuta pendekezo pacha, lipigie kura na uandike tukio lako chini yake badala ya kufungua lako. Niliwahi kukuta shida moja imetawanyika kwenye mapendekezo kumi na moja, kila moja likiwa na kura chache na yote yakionekana hayana wenyewe. Tulipoyaunganisha, likawa la tatu kwa ukubwa siku hiyohiyo. Kama unaona mapacha ambayo hayajaunganishwa, andika kwa heshima: "Naona hili na lile ni jambo moja, tafadhali yaunganisheni." Wasimamizi hufurahi kusaidiwa kazi hiyo.

Jambo moja kwa pendekezo moja. Ukichanganya ankara zinazojirudia na rangi ya ripoti, nusu watakubali, nusu watakataa, na kura hazitaeleweka ni za nini. Ukiambatanisha picha ya skrini, ziba majina ya wateja, kiasi cha fedha na namba za akaunti, kwa sababu mara nyingi watumiaji wa kampuni nyingine wanaona kila unachokiweka hapo. Nimewahi kufuta picha yenye orodha nzima ya mishahara.

Kuna jambo lingine ambalo pengine hukulifikiria: huenda hili si pendekezo kabisa. Soma mwongozo wa programu yenu mahali panapozungumzia kuingiza faili. Kama pameandikwa kwamba namba za marejeo zinazojirudia zitakataliwa, basi mnachokutana nacho ni hitilafu, na hitilafu hairekebishwi kwa kura. Ipeleke dawati la msaada, taja toleo la programu na hatua ulizofuata, dai namba ya kumbukumbu. Mabadiliko yanayolazimishwa na sheria ya kodi nayo hayasubiri kura. Yapitishe kwa mtu anayesimamia mkataba wenu. Na ukigundua tundu la usalama, kama vile mtumiaji kuona hesabu za kampuni nyingine, usilitangaze popote mbele ya watu. Waandikie wahusika faraghani.

Kuhusu "linachunguzwa". Kwa uzoefu wangu, neno hilo likikaa zaidi ya miezi sita linamaanisha hakuna aliyesema ndiyo wala hapana. Ulizeni moja kwa moja: ni taarifa gani inakosekana ili muamue? Swali hilo ni gumu kulikwepa kuliko "mtatekeleza lini?", ambalo jibu lake la kawaida ni kwamba hawatoi tarehe. Na ukijibiwa hapana yenye sababu, ipokee. Ukijua kwamba wamekataa kwa sababu ya ukaguzi, unajua pia kwamba onyo wakati wa kuingiza faili halikuguswa na sababu hiyo.

Kwa hiyo usilifute. Lina tarehe ya mwaka juzi, na umri wa shida ni sehemu ya hoja yako. Kama mfumo unaruhusu, hariri kichwa na maelezo. Kama hauruhusu, tuma jipya kwa maandishi ya juu, kisha kwenye la zamani weka kiungo na uombe yaunganishwe. Waombe wenzako 22 wasifanye lolote zaidi, isipokuwa yule wa pili mwenye ruhusa ya kuingiza faili, aandike kwa mistari mitatu siku yake ilivyokuwa. Halafu tafuta wahasibu wawili watatu wa kampuni nyingine wanaotumia programu hiyohiyo, waulize kama yamewakuta, na waandike wenyewe. Usiwape maneno ya kunakili. Maoni yanayofanana neno kwa neno tulikuwa tunayatambua tangu mstari wa kwanza.

Mwisho, angalia kura zako ziko wapi. Baadhi ya mifumo humpa kila mtumiaji kura chache, tuseme 10, na hazirudi mpaka pendekezo lifungwe au uziondoe mwenyewe. Inawezekana tatu kati ya zako bado zimekaa kwenye mambo uliyoyataka mwaka juzi na ambayo siku hizi huyahitaji tena.