Kumsaidia kijana mhamiaji aingie kwenye taaluma yake: niliyoyaona ofisini Mombasa

Dada uliyeuliza namna ya kumsaidia kijana wa Kirundi anayepanga kwenu Kisauni, mwenye shahada ya biashara ilhali kazi yake ni kuuza kahawa asubuhi na kubeba mizigo mchana, swali lako limenigusa. Nimekuwa mhasibu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa kwa miaka 19, na vijana sita kutoka Kongo, Burundi na Sudan Kusini wamepitia mikononi mwangu. Ninaamini kwamba kabla ya kumtafutia kazi, ni heri umtafutie mtu wa taaluma yake atakayekubali kumdhamini kwa jina lake.

Nitaeleza kwa mfano wa binti mmoja wa Bukavu, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alikuja na bahasha ya vyeti vya Kifaransa ambayo alikuwa amezunguka nayo mwaka mzima, kutoka Shimanzi hadi Moi Avenue, bila kuitwa kwenye usaili hata mmoja. Cheti chake kikubwa kiliandikwa "Licence", na waliokipokea walidhani ni leseni ya aina fulani, kumbe katika mfumo aliosomea ni shahada ya miaka mitano, mitatu ya "graduat" na miwili juu yake. Wastani wake ulikuwa alama 64, ambazo kwao huitwa "satisfaction"; kwa sikio la hapa, hilo ni jina la mtu aliyeponea chupuchupu, ingawa katika vyuo vyetu alama hizo humpa mtu daraja la pili la juu. Tulikaa Jumamosi tatu tukiandika wasifu wake upya, vyeti vikatafsiriwa rasmi, kisha vikapelekwa KNQA, mamlaka inayotambua na kulinganisha vyeti vya nchi za nje.

Nilipompa fungu la ankara azipange, jioni nilikuta ameandika kwa penseli, pembeni mwa kila karatasi, nambari 411 au 401. Mwajiri mmoja aliyemjaribu kabla yangu aliziona nambari hizo hizo akamwambia hajui uhasibu, na hayo yalikuwa baada ya kumfanyisha kazi miezi mitano bila senti moja kwa kisingizio cha kumfundisha. Jambo hilo linaniuma mpaka leo. Kongo ilijiunga mwaka 2012 na OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara, na katika uhasibu wa OHADA kila hesabu ina nambari yake maalumu: 411 ni wateja, 401 ni wauzaji, 57 ni fedha taslimu. Nilichukua karatasi, nikaandika nambari zake upande mmoja na majina tunayotumia sisi upande wa pili, akaibandika juu ya meza yake. Baada ya wiki mbili hakuitazama tena.

Kiswahili chake pia kilimponza. Akisema "niko natafuta kazi", watu walimwona kama asiyesoma, ilhali hicho ndicho Kiswahili cha kwao tangu utotoni. Mkanye mtu yeyote anayemcheka kijana wako kwa jambo hilo.

Kuhusu sheria, Burundi na Kongo ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini uanachama huo haumwondolei kijana wajibu wa kuwa na kibali cha kazi. Ikiwa ni mkimbizi aliyesajiliwa, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inampa haki ya kufanya kazi ya taaluma yake, mradi sifa zake zimetambuliwa na mamlaka husika za Kenya, na kibali chake ni cha daraja la M. Kama anataka uhasibu, aulizie KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu ya Kenya, kuhusu mitihani ya CPA, yaani ya mhasibu aliyehitimu, na karatasi anazoweza kusamehewa kwa shahada yake.

Hata hivyo, hayo yote yasingetosha. Meneja wetu alisita kumwajiri, nami nikamwambia kwamba binti huyu akikosea hesabu, barua ya onyo niandikiwe mimi. Akampa miezi mitatu ya majaribio, kwa mshahara. Katika mwezi wa pili mteja wa Goma, ambaye kontena zake zilikuwa zimekaa bandarini Kilindini kwa sababu ya mabishano ya hati, alipiga simu akiwa na hasira, na binti akazungumza naye kwa Kifaransa karibu saa nzima huku akinukuu kila nambari. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mteja yule hadi sasa hataki kuhudumiwa na mtu mwingine.

Mlete kijana wako Jumamosi baada ya saa nane mchana. Aje na vyeti halisi wala si nakala, pamoja na kile cha sekondari, kwa sababu wengi hudhani hakihitajiki wakakiacha nyumbani.