Maswali na Majibu: Mwezi wa Asubuhi

Nikivuka kwa feri ya Likoni, hapa Mombasa, saa mbili asubuhi niliuona mwezi, na jua limeshatoka. Kuna nini?

Hakuna kilichoharibika. Mwezi hauna nuru yake, unamulikwa na jua, na kila siku hukaa angani kiasi cha saa 12, ziwe za usiku au za mchana. Usiku wa mwezi kumi na nne, yaani ukiwa mpevu, hutoka baharini jua likizama upande wa bara. Baada ya hapo hutoka ukichelewa kwa wastani wa dakika 50 kila siku, kwa kuwa unaizunguka dunia ukielekea mashariki. Ukichelewa kutoka huchelewa pia kutua. Ikifika mwezi 22 hivi, yaani siku ya 22 tangu uandame, hutoka karibu na saa sita usiku. Jua likichomoza huwa uko utosini, na hutua karibu na saa sita mchana. Utazame vizuri: ni nusu, na upande wenye nuru umeelekea mashariki, liliko jua. Umepauka kwa sababu anga lenyewe linang'aa.

Je, ni ishara ya balaa?

La. Hutokea kila mwezi. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno; kabla ya kusambaza ujumbe wa WhatsApp, inua macho kwanza.

Nimeona mwezi mwembamba alfajiri, mashariki. Ndio mwandamo?

Sio! Mwandamo hutafutwa magharibi, jua likishazama. Huo wa alfajiri ni mwezi unaokwisha. Nanyi mnaoutafuta kwa darubini, jua likikaribia kuchomoza wekeni darubini chini. Kulitazama jua kwa darubini, hata kwa nukta moja, kunaweza kuliua jicho.

Mwezi ukionekana mchana, maji hupwa zaidi?

Kuonekana kwake si hoja, kwani mwezi huivuta bahari hata ukiwa chini ya miguu yetu. La kutazama ni tarehe yake. Ukiwa mpya au mpevu, jua na mwezi huvuta kwa pamoja, nasi hupata bamvua: hapa Mombasa maji yaliyojaa yanaweza kuyapita yaliyokupwa kwa zaidi ya mita 3. Ukiwa nusu, kama huo wa asubuhi, ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Wavuvi wanayajua haya. Wanaonitia hofu ni vijana wanaokwenda Nyali siku za bamvua, wakaona bahari imekauka, wakatembea hadi mwambani na simu mkononi. Maji yanaporudi hayaji mbele yao tu. Hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yao, kati ya mwamba na ufuo, na njia ikakatika. Jueni mwezi ni wa ngapi na maji yanaanza kujaa saa ngapi, kisha mgeuke mapema. Wazazi, wafundisheni watoto kuhesabu mwezi kama mnavyowafundisha kusoma saa.

Ile nyota kali kando ya mwezi alfajiri ni ipi?

Mara nyingi ni Zuhura, nayo ni sayari.