Mchoro ni mzuri mpaka uanze kutembea

Mtu wa kwanza kuijaribu gemu yangu alicheza dakika sita, akavua miwani, akasugua macho. "Inapendeza," akasema, "ila siwezi kuendelea." Wakati huo nilikuwa nimeshachora karatasi 140 kwa mkaa na kuzipitisha zote kwenye skana, moja baada ya nyingine. Sikuwahi kujiuliza mchoro huo ukisogea itakuwaje.

Wanaotaka kutengeneza gemu yenye sura yake wakiniuliza waanzie wapi, siku hizi nawaambia wakaisome Return of the Obra Dinn, gemu ya mtengenezaji Lucas Pope, iliyotoka Oktoba 2018. Nasema wakaisome kwa maana ya kuchunguza ilivyojengwa, maana kuicheza peke yake ni starehe tu.

Kwa asiyeijua: ni mwaka 1807, na meli ya biashara iliyopotea baharini imeibuka bila mtu hata mmoja aliye hai ndani yake. Wewe ni mkaguzi wa bima. Una saa ya mfukoni inayokurudisha kwenye sekunde ile ile marehemu alipokata roho. Unasikia maneno ya mwisho, kisha kila kitu kinaganda, moshi wa bunduki umetulia hewani, nawe unazunguka katikati yake ukitafuta nani ni nani na kilichompata ni nini. Kuna watu 60 wa kuwatambua. Na yote hayo unayaona kwa rangi mbili tu, ya giza na ya mwanga, kwa kuzienzi kompyuta za Macintosh za zamani, zile ambazo skrini yake ilikuwa na piseli (vidoti vinavyounda picha) 512 kwa 342.

Wengi wakisikia rangi mbili wanadhani jamaa alijipunguzia kazi. Thubutu! Rangi ya kijivu ikikosekana, kivuli inabidi ukitengeneze kwa kutawanya vidoti: panapobanana vyeupe panaonekana pana mwanga, vinapoachana panaingia giza. Kwenye picha iliyotulia ni maridadi. Lakini meli ya Pope ni ya 3D na mchezaji anageuza kichwa muda wote. Vidoti vimekaa kwenye skrini kama wavu uliobandikwa usoni, na dunia inateleza nyuma yake, basi kila ukuta unachemka kama uji. Kwenye kidirisha kidogo unavumilia. Skrini nzima ikijaa, macho yanachoka.

Alijaribu njia kadhaa, ikiwemo ya kuvibandika vidoti kwenye vitu vyenyewe. Mwishowe alivipachika kwenye tufe la kufikirika linaloizunguka kamera, ili ukigeuka vigeuke pamoja na dunia. Aliandika mwenyewe kwamba kazi hiyo ilimla saa kama 100, kwa kitu ambacho hakuna mchezaji atakayekigundua. Niliposoma hapo nilicheka, halafu nikakumbuka ile miwani.

Maana ugonjwa wangu ulikuwa huo huo. Gemu yangu inamhusu mlinzi wa usiku kwenye jengo la vyumba vinane, na kila kitu kinaonekana kwa mwanga wa tochi. Nilitaka mistari itetemeke kidogo, kama mkono wa mchoraji bado uko pale, kwa hiyo kila ukuta niliuchora mara tatu na kuzionyesha picha hizo kwa zamu. Ukuta ukawa unatetemeka, ngazi zinatetemeka, mlinzi naye anatetemeka, jicho halina pa kutua. Dawa ilikuwa kutupa theluthi mbili za michoro ya kuta. Sasa kisichokuwa na uhai kina mchoro mmoja, na mtu peke yake ndiye ana mitatu. Kwa wiki nzima sikutaka hata kuligusa lile boksi la karatasi.

Kwa hiyo ukishachagua sura ya gemu yako, iwe mkaa, rangi mbili au vitambaa vilivyokatwa, chora mstatili mmoja mbaya, uingize kwenye injini ya gemu, yaani programu ya kuundia gemu, na uuzungushe siku hiyo hiyo. Mpe mtu acheze dakika kumi kwenye skrini kubwa, na umtazame yeye, si skrini. Mchoro wa pili usubiri.

Jambo jingine nililomwibia Pope, na sioni haya kusema nimeiba, ni namna anavyomzuia mchezaji asibahatishe. Obra Dinn haikuambii umepatia mpaka uwe umejaza kwa usahihi habari za watu watatu. Ingekujibu kwa kila mmoja, ungejaribu jina moja moja mpaka liingie, bila kufikiri. Kwangu mlinzi anatakiwa kujua wapangaji kwa nyayo zao tu, na watu waliokuwa wakinijaribia gemu walikuwa wanagonga milango yote minane kama wagawa barua. Nilipoweka jibu litoke kwa wapangaji wawili wawili, wakaanza kusimama kwenye korido na kusikiliza. Badiliko lenyewe lilikuwa la mistari michache ya programu, jioni moja tu.

Kuhusu muda, sitakudanganya. Pope alikuwa ameshafanya kazi kwenye studio kubwa, na ameshatoa gemu nyingine, Papers, Please, mwaka 2013, iliyouzwa vizuri sana. Obra Dinn aliianza kama kazi ndogo ya kupumzikia, ikamchukua zaidi ya miaka minne. Kama huna gemu iliyokwisha kukuwekea akiba, usiache kazi. Mimi nachora usiku, na siku nyingine sichori kabisa.

Yule rafiki aliyevua miwani nilimwita tena mwezi uliopita. Alicheza mpaka mwisho, miwani usoni, kama saa moja hivi. Nilisubiri aseme lolote kuhusu zile kuta. Alichosema ni kwamba mlango wa chumba namba tano unalia vibaya, niutie mafuta.