Mabaka meupe kwenye mchoro wa Hans Kresse: yaondolewe au yaachwe?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Baba mkwe wangu alifariki mwaka jana hapa Arnhem, Uholanzi, akatuachia ukanda wa picha tatu za wino zilizochorwa na Hans Kresse, mchoraji wa Kiholanzi wa hadithi za picha, kwa ajili ya hadithi ya Eric de Noorman. Karatasi imegeuka rangi ya chai, juu ya wino kuna mabaka ya rangi nyeupe na mistari ya penseli ya buluu, na nyuma kuna selotepu ambayo doa lake limeanza kutokeza mbele. Fundi wa fremu amesema ataing'arisha kwa dawa, atafuta ile buluu, kisha ataifunga ndani ya plastiki isipate hewa. Jirani naye anadai si mchoro halisi kwa sababu hauna maneno hata moja. Nifanye nini? Na nikiupeleka kwa wazazi wangu Tanga, utadumu? — Msomaji, Arnhem.

JIBU: Dada yangu, kama mchoro umeshafika kwa fundi huyo, nenda ukauchukue leo, kisha urudi uendelee kusoma. Swali lako nalipata mara kwa mara, likibadilika jina la mchoraji tu, na karibu kila mara anayeliuliza ameshapewa ushauri na mtu mwenye chupa ya dawa mkononi.

Nianze na jirani yako, kwa kuwa kosa lake ni jepesi. Kresse, aliyezaliwa Amsterdam mwaka 1921, aliingia katika studio ya mchoraji mwenzake wa hadithi za picha, Marten Toonder, mwaka 1944, na mwaka 1946 gazeti la Ubelgiji liitwalo Het Laatste Nieuws likaanza kuchapisha hadithi yake ya Eric, mfalme wa watu wa kaskazini, hadithi iliyoendelea hadi mwaka 1964. Hadithi hiyo, kama nyingi za Kiholanzi za wakati ule, ilisimuliwa kwa aya zilizopangwa kwa herufi za chapa chini ya picha, wala haikuwa na viputo vya mazungumzo, vile viduara vyenye maneno ya wahusika ndani ya picha. Maneno yalipangwa na wachapaji mahali pengine kabisa, na karatasi ya mchoraji ilibeba picha peke yake. Kwa hiyo ukanda wa Eric usio na neno ndio hasa unaotarajiwa, na kama ningeletewa wenye viputo ndipo ningekunja uso. Viputo vilikuja katika kazi zake za baadaye, kama Vidocq aliyoichorea jarida la Pep katika miaka ya 1960, na ule mfululizo wa albamu kuhusu wenyeji wa asili wa Amerika aliouanza katika miaka ya 1970.

Mtindo huo wa maneno chini ya picha ulikuwa na heshima yake. Mwaka 1948 waziri wa elimu wa Uholanzi, Theo Rutten, aliwaandikia wakuu wa shule akiwaonya juu ya vijitabu vya hadithi za picha, na katika hali kama hiyo hadithi iliyomlazimisha mtoto kusoma aya nzima ilivumiliwa kuliko ile ya viputo. Nalitaja hilo kwa sababu linaeleza majeraha ya karatasi yako. Katika miaka hiyo mchoro wa hadithi ya picha haukuhesabiwa kuwa sanaa ya kutundikwa ukutani. Ulikuwa hatua moja katika kazi ya kiwandani: unapigwa picha, bamba la kuchapia linatengenezwa, kisha karatasi inarudi kwenye kabati, au hairudi kabisa.

Sasa kuhusu uhalisi wenyewe, ambapo naona watu wakidanganyana kila siku. Wapo wanaofundisha kwamba unachukua lenzi, unatafuta vitone vidogo vya uchapaji, na usipoviona basi umeshika mchoro halisi. Kipimo hicho kinafaa kwa picha za rangi na za vivuli vya kijivu. Kwa wino mweusi mtupu hakifai, kwa sababu mstari mweusi huchapwa ukiwa mweusi mzima bila kitone chochote, na nakala iliyochapwa ya ukanda wa Eric itafaulu mtihani huo bila taabu. Badala yake, zima taa ya juu, weka taa ya mezani pembeni mwa karatasi, iwe chini kiasi kwamba mwanga unatambaa juu yake, kisha inama. Tazama nywele za shujaa au manyoya ya joho lake. Kama ni mkono wa mtu, utaona weusi usiolingana: mahali brashi ilipopita mara mbili wino ni mzito na unang'aa kidogo, mahali ilipoanza kukauka mstari umechanika na kuonyesha karatasi kati ya nyuzi zake. Utaona pia penseli iliyofutwa nusunusu chini ya wino, na mahali fulani mstari wa wino umeiacha penseli, kwa maana mchoraji alibadili mawazo. Nakala iliyochapwa haina mawazo ya kubadili. Weusi wake ni mmoja kutoka kona hadi kona.

Na mwanga huohuo wa pembeni utakuonyesha yale mabaka meupe yamenyanyuka juu ya karatasi kama chokaa iliyopakwa ukutani. Hapa ndipo uvumilivu wangu unapoisha, dada, kwa hiyo unisamehe nikirefusha.

Ile rangi nyeupe ni guashi, rangi nzito ya maji, nayo iliwekwa na mchoraji mwenyewe. Aliitumia kufunika mstari uliokosewa, kuchonga ncha ya upanga juu ya usuli mweusi, kutia povu la mawimbi au theluji inayoanguka. Kamera ya kiwanda haikujali kama weupe ni wa karatasi au wa rangi, wala haikujali kama karatasi ni safi. Ilitafuta weusi na weupe tu, na msomaji wa gazeti hakuona kiraka. Mistari ya buluu nayo ina kazi yake. Filamu iliyotumika kupiga picha za mistari haikunasa buluu hafifu, kwa hiyo mchoraji aliweza kupanga picha yake kwa penseli hiyo bila kulazimika kuifuta, na mahali pengine buluu ilikuwa agizo kwa wachapaji kwamba hapa patiwe kivuli. Nambari zilizoandikwa pembeni, mihuri, vipimo vya kupunguzia ukubwa, yote hayo ni maandishi ya kazi.

Anayefuta buluu na kuondoa weupe ili picha "ionekane kama kwenye kitabu" hajaisafisha. Amekurudisha kwenye nakala iliyochapwa, ambayo ungeweza kuinunua kwenye duka la vitabu vya mitumba. Kinachoutofautisha mchoro wa asili na chapa ni hayo hasa yanayoitwa uchafu: masahihisho, kusitasita, maagizo. Sijui ni nani aliyewaambia watu kwamba mchoro wa kalamu unapaswa kuwa mweupe kama shuka la hospitali.

Turudi kwenye dawa ya fundi wako. Hakuitaja jina, lakini nimeona nyingi kiasi cha kukisia kwamba ni jiki, labda aliyoichanganya na maji ili isionekane kali. Wino mweusi wa kuchorea umetengenezwa kwa masizi, na klorini iliyomo ndani ya jiki haiufifishi. Ndiyo maana fundi anaweza kukuonyesha kazi yake kwa fahari, mistari ikiwa myeusi na karatasi ikiwa nyeupe pe. Asichokuonyesha ni kwamba klorini hiyo imekatakata nyuzi za karatasi, kwamba masalia yake yanabaki ndani yakiendelea kula, na kwamba umanjano utarudi, safari hii kwenye karatasi isiyo na nguvu ya kubeba uzito wake yenyewe. Na guashi huyeyuka kwenye maji hata kabla klorini haijafanya lolote.

Niliwahi kuletewa ukanda uliopitia mkono wa namna hiyo, si wa Kresse, bali wa mchoraji mwingine wa zama hizohizo. Ilikuwa picha ya bahari usiku. Povu la mawimbi, ambalo lilikuwa guashi juu ya wino, lilikuwa limeyeyuka na kutanda kama ukungu wa kijivu juu ya merikebu yote, na chini yake ikajitokeza mistari ya wimbi la kwanza ambalo mchoraji aliliona baya akalifunika. Mwenye mali aliniuliza kama naweza kuurudisha weupe ule. Ningeweza kupaka mwingine, ndiyo, lakini ungekuwa wimbi langu.

Hata mimi, mwenye maji yaliyochujwa na vifaa vyangu, siwezi kuuzamisha ukanda wako. Karatasi isiyo na guashi huoshwa, hupunguzwa asidi, hupewa akiba ya madini ya kalisi ya kuilinda baadaye. Yenye guashi hushughulikiwa eneo kwa eneo, kwa unyevu mdogo, chini ya hadubini, na mara nyingi uamuzi wa busara ni kuuacha umanjano ulivyo. Rangi ya chai unayoiona inatokana na lignini, ile sehemu ya mti inayogeuka manjano, na asidi iliyomo ndani ya karatasi ya massa ya mti, na katika miaka ile baada ya vita karatasi nzuri ilikuwa adimu nchini humo. Huo ni uzee, na uzee unapunguzwa kasi, hauondolewi.

Selotepu ndiyo inayonitia wasiwasi, na ndiyo pekee katika orodha yako inayohitaji haraka. Gundi yake huanza ikiwa inanata, halafu hulainika na kupenya ndani ya nyuzi, karatasi ikawa kama imeangukiwa na mafuta, na mwishoni hukauka ikawa kahawia na ngumu, isiyotoka kwa kiyeyushi chochote cha kawaida. Kama doa limefika mbele, uko katika hatua ya pili. Bado linatibika kwa kiasi, kwa viyeyushi vilivyochaguliwa baada ya majaribio na kwa meza inayofyonza kutoka chini ili gundi ishuke badala ya kutanda. Usiibandue kwa kucha. Usiipashe moto kwa pasi wala kwa mashine ya kukaushia nywele, maana gundi ikilainika itaingia ndani zaidi. Mpelekee mhifadhi wa karatasi mwenye mafunzo. Uholanzi wapo, nao hutoa ripoti ya maandishi ya hali ya mchoro kabla ya kugusa chochote.

Kuhusu kuufunga kwenye plastiki, wengi wanachanganya vitu viwili. Bahasha ya poliesta safi iliyoachwa wazi ubavu mmoja ni hifadhi halali ya karatasi nyingi, ingawa kwa ukanda wako siipendekezi, kwa sababu poliesta huvuta kwa umeme tuli na guashi iliyokauka inaweza kumeguka. Mashine ya kulaminisha ni jambo jingine kabisa: hupasha joto, huyeyusha gundi, huibandika kwenye uso mzima wa mchoro pande zote mbili, na hakuna njia salama ya kuitoa. Asidi iliyomo ndani ya karatasi haihitaji hewa ya nje ili iendelee na kazi yake, kwa hiyo hiyo hoja ya "isipate hewa" haina maana yoyote.

Wapo wengine kwenye video wanaosugua kwa mkate, wanaopaka maji ya limau na chumvi, wanaoanika mchoro juani ung'ae. Mkate huacha mafuta na makombo yanayoalika wadudu, limau ni asidi juu ya asidi, na jua, hata likiing'arisha karatasi leo, huvunja nyuzi zilezile. Wenye kurasa za rangi waliogope jua maradufu. Wachoraji wengi wa Kiholanzi walitumia rangi za majimaji kama Ecoline ya Talens, ambayo ni rangi ya kuyeyuka isiyostahimili mwanga, na anga la buluu linaweza kufifia vibaya likiwa limetundikwa sebuleni mbele ya dirisha. Wa kwako ni wino wa masizi, mistari yake haitafifia, lakini karatasi iliyo chini yake haina kinga hiyo.

Basi Tanga. Kuvu huamka unyevu wa hewa ukidumu juu ya asilimia 65 hivi, na pwani yetu huvuka kiwango hicho kwa miezi mingi. Chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku ni kibaya kuliko chumba cha kawaida chenye hewa inayopita, kwa sababu karatasi hupanuka na kusinyaa kila siku huku guashi iliyo juu yake haiwezi kufuata. Kama ni lazima uende, uende baada ya selotepu kushughulikiwa, ukiwa ndani ya kadibodi isiyo na asidi yenye dirisha, ili kioo kisiguse rangi, na usitundikwe kwenye ukuta wa nje wala karibu na jikoni. Mimi ningewapelekea wazazi nakala nzuri iliyopigwa picha na kuchapwa kwa ukubwa wake halisi, na mchoro wenyewe ningeuacha Arnhem, umelala kwenye boksi, kabatini, mbali na ukuta wenye bomba la joto.

Kabla hujaukabidhi kwa mtu yeyote, awe mhifadhi au fundi, upige picha mbele na nyuma, pamoja na pembe zote zenye nambari na mihuri. Kisha muulize swali moja tu: ile rangi nyeupe inayeyushwa na kitu gani? Akijibu kwamba hajui bado, mpaka ajaribu kwa ncha ya brashi chini ya hadubini, mwachie mchoro. Akisema usiwe na wasiwasi, chukua ukanda wako uondoke.